Mlango Usiofunguka

Kompyuta ya mwanzo niliyojifunzia kutengeneza tovuti ilikuwa ubao mweusi. Chuo chetu cha uandishi wa habari kilikuwa na kompyuta chache na laini moja ya simu, na laini hiyo ofisi ikiilinda kama mtoto wa pekee. Kwa hivyo mwalimu wetu alichora kioo cha kompyuta ubaoni kwa chaki, akakijaza zile alama zenye pembe ambazo huiambia mashine: hapa anza kichwa cha habari, hapa kimalize, hapa weka picha. Sisi tukazinakili kwa utulivu, kama tulivyokuwa tukinakili alifu na bee utotoni kwa maalim.

Mwalimu alikuwa mtu mzima wa Mji Mkongwe, kanzu yake haina kunyanzi hata moja, na Kiswahili chake vilevile. "Alama ukiifungua, ifunge," akituambia. "Ukiiacha wazi, kuku wa jirani wataingia." Siku moja mwanafunzi mmoja alisahau kufunga alama ya maandishi mazito, na mwalimu akamchorea ukurasa wake wote umenenepa mpaka nukta ya mwisho. Tulicheka mpaka mwalimu akafuta ubao. Mwanafunzi huyo hakuwa mimi. Mimi nilikuwa nikifunga kila kitu, na nilikuwa nikijua kwamba nafunga kila kitu.

Nitalisema hili mapema ili lisije likajitokeza lenyewe: nilikuwa msichana wa kujiamini, na niko hivyo hivyo mpaka leo. Nimezaliwa Jang'ombe, katika nyumba yenye watu wengi, ambamo mtu asiyejua kusema hapati nyama kwenye sinia. Mambo nisiyoyajua hayakuwa yakinitisha. Yakinikasirisha tu, kwa kuwa kuna mtu mahali fulani anayajua na hajaniambia.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Mhariri wa jarida moja la Dar es Salaam alikuwa ameahidi kumchukua mwanafunzi mmoja tu kutoka chuo chetu, akafanye kazi kwake mwaka mzima kama mwandishi anayejifunza. Alikuwa amechoka kupokea bahasha za makala, nyingine zimelowa mvua, nyingine hazina jina la mwandishi. Safari hii alitaka kila mwombaji awe na tovuti yenye kazi zake, na alisema atakuja Unguja mwenyewe, akae mbele ya kompyuta, azifungue moja baada ya moja. Mwalimu alipotutangazia hayo, wenzangu walianza kuhesabu siku zilizobaki. Mimi nilikuwa nimeshaanza kupanga moyoni nguo za kuchukua.

Nafasi ile niliitaka kwa roho yangu yote. Mjomba wangu alikuwa ameshanitafutia kazi ya ukarani katika ofisi moja mjini, kupiga chapa barua za watu wengine, na mama alikuwa amekubaliana naye. Mama alikuwa mshoni wa nguo za kike, na chumba chetu cha mbele kilikuwa ndio karakana yake. "Dar huendi kutafuta," aliniambia. "Wakikuita, utakwenda. Wasipokuita, mjomba'ko anakungoja." Hakusema kwa ukali. Alisema huku akitia uzi kwenye sindano, na mama akisema jambo huku akitia uzi, jambo hilo limekwisha.

Ubao wa chaki una mwisho wake, kwa hivyo nikaanza kwenda kwenye duka la intaneti. Nilikuwa nikitoka Jang'ombe kwa miguu, napita Darajani katikati ya wauza ndimu na misumari, naingia Mji Mkongwe. Mwenye duka alikuwa mzee wa asili ya Kiarabu, ambaye baba yake alikuwa akiuza vitambaa palepale. Meza ndefu ya kukatia vitambaa ilikuwa bado ipo, na kompyuta zilipangwa juu yake. Wateja wake wengi walikuwa watalii wanaowaandikia watu wao kwamba wameungua na jua.

"Mtoto wa nani wewe?" aliniuliza siku ya mwanzo, kabla hata sijakaa.

Nikamtajia mama, mshoni wa Jang'ombe.

"Mama'ko akinunua bitana hapa, na akijua kupatana bei mpaka mtu unajionea huruma mwenyewe. Kaa ile ya pembeni, haina watu."

Tokea siku hiyo nikamwita Ami, kama ndugu wa baba, na kompyuta ile ya pembeni ikawa yangu. Kila nilipofika alikuwa ananiwekea kiti. Ami ndiye aliyenionyesha namna ya kutoa kurasa zangu kwenye disketi na kuzipandisha kwenye mtandao, mahali ambapo watu walikuwa wakigaiwa nafasi bure kwa sharti la kubandikiwa matangazo. Mimi nilipangiwa tangazo la makoti ya baridi. Likakaa juu ya makala yangu kuhusu wanawake wanaolima mwani juani, na hakukuwa na wa kumlalamikia.

Nilijifunza haraka, na nilipojifunza kitu nilikitumia chote. Nilijua namna ya kuyafanya maandishi yatembee kutoka kulia kwenda kushoto, basi neno "Karibuni" likatembea kutwa kucha bila ya kupumzika. Nikajua kuweka kihesabu cha wageni chini ya ukurasa. Wageni wote waliohesabiwa nilikuwa mimi. Rangi nilizichukua kwenye kanga ya mama, nyekundu na nyeusi na njano, na kwenye kanga zilipendeza. Kisha ukaja ukurasa wa "Kuhusu Mimi." Hapo nikafanya kama nilivyolelewa kufanya ninapoulizwa mimi ni nani: nikaanza kwa babu mzaa baba, alikotoka bara na kazi aliyokuja kuifanya Unguja, nikaja kwa bibi, nikamtaja baba na mama, mtaa wetu na skuli yangu. Mimi mwenyewe nikatokea karibu na mwisho. Mwalimu alisoma, akavua miwani.

"Huyu mhariri anataka kuajiri," akasema, "au anataka kuposa?"

Nikapunguza mababu. Nilimwachia bibi nafasi, maana bila yeye nisingejua kusimulia kitu.

Jioni moja nilimweleza mama kuhusu tovuti, wakati yeye akikata gauni sakafuni. Nilimwambia kwamba mtu yeyote, akiwa popote duniani, anaweza kufungua akasoma kazi zangu.

"Mtu yeyote?"

"Naam, mama."

"Bila ya hodi?"

Nilijaribu kueleza kwamba kwenye mtandao hakuna hodi. Mama akaacha mkasi. Nyumba yetu mchana mlango ulikuwa haufungwi, pazia tu, lakini mtu aliyewahi kuinua pazia lile bila ya kupiga hodi alisemwa mtaani mpaka akajuta. "Basi weka mlango," mama akasema. "Watu wastaarabu hawaingii kwa mtu kama wanaingia sokoni. Akae barazani kwanza, akaribishwe."

Nikaona mama amesema jambo la maana kuliko vitabu vyote vya kompyuta. Nikaamua tovuti yangu iwe nyumba. Mgeni atafika kwanza mbele ya mlango, picha kubwa ya mlango mtupu yenye neno "Karibuni" linalotembea chini yake. Akiubonyeza, utamwingiza ukumbini kwenye kazi zangu. Nilipowaza hivyo nilijipenda sana. Nikajua pia kwamba mlango wetu wa Jang'ombe, mbao za kawaida na komeo la chuma, hautafaa. Nilitaka mlango wenye heshima yake.

Mwenzangu mmoja darasani alikuwa na kamera ya kukopa. Yeye alikuwa binti wa Mji Mkongwe, mtulivu, msemaji mdogo, na ndiye pekee ambaye kazi zake nilikuwa nikizisoma kwa wasiwasi. Tukatoka pamoja asubuhi moja kutafuta mlango. Tuliupata katika kichochoro nyuma ya maduka: mlango wa nakshi, kizingiti cha juu kimechorwa maua na minyororo, vichwa vya shaba vya misumari mikubwa vimejipanga, na baraza mbili, moja kila upande. Watalii wawili walikuwa wanamaliza kuupiga picha. Tulisubiri wakaondoka.

"Tupige hodi kwanza," mwenzangu akasema.

"Ya nini? Watu wanaupiga picha kutwa. Mlango mzuri, wenyewe unatosha."

Akanitazama, akanipa kamera. Nikapiga picha, tukaondoka.

Picha nilisafishiwa, Ami akaiingiza kwenye kompyuta ile ya pembeni kwa mashine ya kunakilia, na mimi nikaiacha katika ukubwa wake wote ili kila ua lionekane. Ilipofunguka kwenye kompyuta ya pembeni ilijaa kioo chote mara moja, pah. Kila siku nilikuwa naifungua, na kila siku ilikuwa inajaa mara moja. Nilirudi nyumbani nikimwambia mama aanze kunishonea suti ya kusafiria.

Mhariri alifika siku aliyoahidi. Alikuwa mwanamke wa makamo, kitambaa kichwani, viatu vya kutembea, na sura ya mtu ambaye ameshadanganywa kwa kila namna na hana kinyongo na yeyote. Alikaa mbele ya kompyuta ya chuo, sisi tukasimama nyuma ya kiti chake. Mashine ilipiga kelele zake za kuunganisha simu, na mwalimu akakohoa kidogo kama anayetaka kuziombea radhi.

Tovuti ya mwenzangu ilikuwa maandishi meusi juu ya weupe. Ilifunguka papo hapo. Mhariri alisoma makala moja mpaka mwisho, akaanza ya pili, akasema, "Huyu anaandika." Kisha ikaja zamu yangu.

Kwanza likatokea tangazo la makoti. Kisha neno "Karibuni" likaanza kutembea. Kisha, juu kabisa ya kioo, ukatokea utepe mwembamba wa picha, upana wa kidole, na ukasimama. Tukangoja. Ukaja utepe wa pili. Mlango wangu ulikuwa unashuka kama pazia zito linaloteremshwa na mtu mvivu.

"Ni nakshi hii?" mhariri akauliza.

"Ndiyo. Ni mlango."

"Kazi zako ziko wapi?"

"Ndani ya mlango. Ukishafika wote unaubonyeza."

Tukangoja tena. Kizingiti kikaonekana, na maua ya juu. Mhariri akaegemea kiti. Kwa kuwa hakuwa na la kusoma, akaanza kuuliza, na hapo ndipo nilipojua mhariri ni mtu wa namna gani.

"Mdogo wangu, nyumba hii ya nani?"

"Ni ya Mji Mkongwe."

"Mji hauna nyumba. Nani anakaa humu ndani?"

Mimi, ambaye sijawahi kukosa jibu tokea utoto, nilitumia neno nisilolizoea. "Sijui," nikasema.

"Umeweka mlango wa mtu usiyemjua mbele ya kazi zako zote?"

Kabla sijajibu picha ilisimama kabisa. Huko ofisini mtu alikuwa amenyanyua simu kuagiza chai, na laini ikakatika. Tulijaribu mara nyingine, na mara nyingine laini ikakatika. Mhariri akaangalia saa. Gari ya kumpeleka Nungwi, alikokuwa na kazi ya siku mbili, ilikuwa inamngoja nje. "Kesho kutwa nitapita hapa kabla ya boti," akasema. "Nitafungua yako. Ila nikwambie kweli, kwa sasa nimeshamwona ninayemtaka." Hakusema kwa ubaya, na kwa sababu hiyo iliniuma zaidi.

Mwalimu alingoja mpaka wenzangu wakatoka. "Wahenga walishakwambia," akasema, "nyumba njema si mlango." Methali hiyo nilikuwa nimeiandikia insha nikiwa skuli na nikapata alama zote. Nilikasirika sana. Nilimkasirikia mwalimu, simu, aliyeagiza chai, na chai yenyewe.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Ami kumshitakia laini ya chuo. Alinisikiliza, akatikisa kichwa.

"Wewe kila siku unakaa kiti kile kile," akasema. "Ile kompyuta ishauweka mlango wako tumboni. Haiuleti tena kutoka kwenye mtandao, inautema tu. Kaa ile pale karibu na feni, uone wenzio wanaona nini."

Nikakaa karibu na feni, nikafungua tovuti yangu. Ami akaenda kusali Alasiri, akarudi, akavua kofia, akaikung'uta. Mlango ulikuwa umefika kwenye vichwa vya shaba.

Ningeweza kuipunguza picha. Ami alinionyesha namna, na lilikuwa jambo la dakika chache. Lakini swali la mhariri lilikuwa limenikaa kooni kama mwiba wa samaki changu. Picha ningeipunguza mpaka iwe kama stempu, na bado nisingejua nani anakaa mle ndani. Nikaaga nikaenda kule kichochoroni.

Safari hii nilisimama mbele ya baraza, nikajiweka sawa mtandio, nikapiga hodi. Sisi tumefunzwa hodi ni tatu. Ya tatu ikikosa jibu, mtu huondoka. Mimi nilijibiwa ya mwanzo, na sauti ilitoka karibu mno, kama vile mtu ameweka mdomo kwenye mbao.

"Karibu. Lakini zunguka uwani, mlango huu haufunguki."

Nilidhani anamaanisha umekwama. Niliweka mkono kuusukuma.

"Usiusukume, mwanangu. Utatuangushia nyumba. Ingia kichochoro cha kulia, kwa jirani mwenye kuku, mwambie unakuja kwangu."

Nilipita kwa jirani, katikati ya majiko na kuku wake, nikainama chini ya kamba ya nguo, nikatokezea kwenye ukumbi mrefu wenye kiza cha baridi. Nyuma ya mlango ule, juu ya mkeka, alikuwa amekaa bibi mmoja mwenye miwani minene, anashona kofia. Mwanga alikuwa akiupata kwenye nyufa za mlango, ukiingia kwa mistari, na alikuwa amejipanga na mistari hiyo kwa mazoea, kofia yake ndani ya mstari mmoja.

"Shikamoo, Bi."

Alitoa sindano mdomoni kwanza. "Marahaba. Kaa. Wewe si ndo yule uliokuja na mwenzio? Mwenzio kasema tupige hodi. Wewe ukasema mlango mzuri, wenyewe unatosha."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Bibi hakungoja niombe radhi. Alicheka, akanieleza. Ukuta wa juu ulikuwa umeushukia mlango tokea mvua kubwa za zamani, na fundi wa nyumba alikuja akautazama akasema msiuguse. "Zamani nyumba ikiushika mlango," akasema. "Sasa mlango ndo unaoishika nyumba." Mara ya mwisho kufunguka ilikuwa siku ya harusi ya binti yake, alipotolewa bibi harusi. Tokea hapo wenyewe hutoka kwa jirani, na maiti wa mwisho wa nyumba ile, mumewe, naye alitolewa kwa jirani, kuku wakafungiwa.

Yeye alihamishia mkeka wake pale nyuma ya mlango kwa ajili ya mwanga, na pia, aliniambia waziwazi, kwa ajili ya kusikiliza. Kutwa wageni wanasimama nje. Mapapasi, wale vijana wanaowatembeza watalii mitaani, kila mmoja ana hadithi yake ya mlango. Mmoja anasema humu alikaa waziri wa mfalme. Mmoja anasema ni nyumba ya tajiri wa pembe za ndovu. Mmoja anasema vichwa vya shaba ni vya kuzuia tembo.

"Na nyumba ilikuwa ya nani, Bi?"

"Ya babu yangu. Akiuza samli."

Tulicheka wote wawili, kimya kimya, kwa kuwa nje kulikuwa na watu.

Nilirudi tena siku ya pili, nikakaa naye asubuhi nzima. Nilimwambia ukweli wa ninachotaka: kuandika, na kuweka mahali ambapo dunia nzima itasoma. Alifikiri kwa muda wa mstari mmoja wa tobo za kofia. Akasema picha yake hataki, na jina lake hataki, maana mwanamke wa umri wake hawekwi jina na sura mbele ya watu wasiomjua. "Lakini sauti yangu ichukue," akasema. "Ishatoka nje zamani." Nikamkubalia. Nilimsomea maelezo yangu yote kabla sijaondoka, akanisahihisha mahali pawili, na mahali pamoja nikakataa, tukabishana, akakubali.

Mchana ule nilikaa kwa Ami, karibu na feni. Niliutoa mlango. Nikalitoa neno "Karibuni" lililokuwa limechoka kutembea, na kihesabu cha wageni, na rangi za kanga. Tangazo la makoti sikuweza kulitoa. Ukurasa wa mwanzo sasa ulianza na maneno matupu: "Mlango huu haufunguki. Nyuma yake kuna mtu, na anakusikia." Hadithi ikafuata, na chini yake orodha fupi ya kazi zangu nyingine. Nilipomaliza nilimwita Ami asome. Alisoma amesimama, mkono mmoja juu ya meza ya baba yake. "Nimepita mlango ule maisha yangu yote," akasema, kisha akaenda kumhudumia mteja.

Asubuhi ya pili mhariri alirudi kutoka Nungwi, uso umekolea jua. Mwalimu hakukaa nasi chumbani. Alikwenda ofisini akavuta kiti, akakaa kando ya simu, mguu juu ya mguu, na aliyetaka kuagiza chai alitakiwa aende kwa miguu yake. Tokea siku ile nilimsamehe methali zake zote.

Ukurasa ulifunguka mara moja. Mhariri alianza kusoma. Katikati aliondoa mkono wake kwenye mashine akauweka mapajani. Alipofika mwisho alirudi juu, akasoma tena mwanzo. Mwenzangu, aliyekuwa amesimama kando yangu, alinibonyeza kiwiko. Hakuwa na husuda hata tone, na mimi katika nafasi yake ningekuwa nayo.

"Picha ya huyu bibi iko wapi?" mhariri akauliza.

"Hakutaka."

"Jina lake?"

"Hakutaka."

"Mapapasi nao wana hadithi nzuri, umeandika mwenyewe. Mtu hana jina, hana sura, na wewe unaitaka nafasi. Mimi nitajuaje kama yupo?"

Lilikuwa swali la haki. Liliniudhi hata hivyo, na kuudhika kulinisaidia. "Boti yako saa ngapi?" nikamwuliza.

"Saa saba."

"Muda upo. Twende ukapige hodi mwenyewe."

Tulikwenda kwa miguu, yeye na mimi. Tulipofika kichochoroni, papasi mmoja alikuwa na kundi la wageni mbele ya mlango, anawaeleza kwa mikono habari za waziri wa mfalme. Mhariri alisubiri wakamaliza, wakapiga picha, wakaenda zao. Kisha akasogea barazani.

"Hodi," akasema.

Kilichosikika ni redio ya mtu ghorofani tu. Akapiga ya pili, kwa sauti zaidi, na ya pili pia haikujibiwa. Nilianza kufikiria kazi ya ukarani. Bibi anaweza kuwa msibani, au anaumwa, au amejuta kunieleza. Ikikosa jibu ya tatu itabidi tuondoke, na siwezi kumwomba mgeni apige ya nne kwa ajili yangu. Mhariri alinitazama. Sikuinamisha macho. Akaugeukia tena mlango.

"Hodi."

"Karibu," mlango ukajibu. "Nilikuwa na sindano mdomoni. Zungukeni uwani, huu haufunguki. Na huyo aliyepita sasa hivi, leo nyumba kampa waziri. Juzi alimpa tabibu."

Mhariri hakucheka. Alinyoosha mkono kama atakayeugusa mlango, akakumbuka alichokisoma, akaurudisha. Kisha akaniuliza naweza kuhamia Dar es Salaam lini.

Nikamwambia hayo tutayasema tukitoka. Kwanza tuzunguke, tumeshakaribishwa.